Gari langu linasoma kilomita, naenda Uingereza kwenye maili. Naendeshaje bila kula faini?

chai_ya_rangi

Wakuu heshima kwenu. Niende moja kwa moja. Naishi Dublin, nina kigari changu cha 2009 nilichonunua huku huku Ireland, spidomita ni ya mshale na imeandikwa km/h peke yake, hata kale kaduara kadogo ka maili ka ndani ninakoona kwenye magari mengine hakapo. Mwezi ujao dada yangu wa Manchester ana shughuli, kwaiyo tunapanda feri na gari hadi Holyhead, tunashuka, tunaifata A55 ile ya kaskazini mwa Wales, tunatokea M56 af Manchester. Tuko watu wanne na mabegi, ndege imegoma kuingia mfukoni.

Kinachoninyima usingizi ni mabango. Kule ni maili. Najua maili moja ni kilomita 1.6 na ushee, nikikaa kwenye kochi nazidisha vizuri tu, ila juzi nilijaribu kujipima nikiwa naendesha, nikaona bango nikajifanya ni la maili nikaanza kuzidisha, namaliza hesabu bango lenyewe nishalipita na lingine lishakuja. Mke wangu kasema asijali mtu, yeye atakaa na kikokotoo cha simu ananitajia. Nikamwambia ndoa haitafika Manchester.

Naomba kujua, kisheria naruhusiwa kuingia na gari la hivi? Kuna kifaa cha kununua? Na nyie mlioendesha, mlizoeaje? Hofu yangu kubwa ni motowei maana ndo watu wanakokimbiza.

KipileftiCha3

Mkuu kabla hujanunua chochote ingia kwenye menyu ya gari. Magari mengi yenye kile kiskrini cha namba katikati ya dashibodi yana sehemu ya vipimo, unabadili km kuwa maili, basi kiskrini kinakuandikia spidi kwa maili hata kama mshale umebaki kwenye kilomita. Usishtuke tu na ulaji wa mafuta nao ukigeuka ukaanza kusoma maili kwa galoni.

chai_ya_rangi

Hicho kiskrini changu kinaonyesha saa na kilomita zilizotembea, basi. Saa yenyewe haiendi.

KipileftiCha3

Hahaha basi ngoja waje wataalamu.

binti_mpakani

Mtaalamu nimekuja 😄

Kaka mimi naishi Dundalk, upande wa Ireland, nafanya kazi Newry, Ireland Kaskazini ambayo ni ya Uingereza, yaani nalala kwenye kilomita naamkia kwenye maili. Huku hakuna geti wala bendera, barabara ni ile ile inabadilika jina tu. Kusini walihamia km/h tarehe 20 Januari 2005, kaskazini wakabaki na maili zao, kwaiyo watu wa mpakani sote tuna ugonjwa wako. Na gari langu ni kama lako, kilomita tupu.

Sheria kwanza: wewe ni mgeni anayepita, gari limesajiliwa Ireland, lina bima na kodi ya huko, hakuna shida. Mgeni anaruhusiwa kulitumia gari Uingereza mpaka miezi 6 ndani ya miezi 12. Spidomita ya maili inaanza kudaiwa pale unapohamia na kutaka kulisajili kule. Ila piga simu bima yako ujue kinga yao kule ni kamili au ndo ile ya chini kabisa.

Sasa kwenye hesabu. ACHA KUPIGA HESABU. Hakuna anayezidisha barabarani, akikwambia anazidisha anakudanganya. Kule limiti hazizidi namba sita maishani mwako: 20, 30, 40, 50, 60, 70. Basi. Hakuna 55, hakuna 65, hayo ya Marekani. Namba sita zinakua sita za kwako: 32, 48, 64, 80, 97, 113. Kila kumi ya maili ni kumi na sita yako, yaani ukisahau anza kuhesabu 16, 32, 48, 64, 80 utafika tu. (Ukifika 60 utapata 96 na 70 utapata 112, kilomita moja chini, nzuri zaidi.) Wanafunzi wa madrasa tulikariri mengi kuliko hayo.

Af hiyo hofu ya motowei weka pembeni. Motowei ndo rahisi kuliko kote, unaweka mshale 110 unasahau saa nzima. Kinachokula watu ni vijijini na mijini ambako limiti inabadilika kila dakika mbili.

mzee_wa_gia

Nakazia alichosema binti hapo juu na naongeza kitu. Mdogo wangu fikiria hivi, ukiwa na spidomita ya kilomita kwenye nchi ya maili ukasahau KABISA, hukimbii, unatambaa. Unaona 60, unaweka mshale kwenye 60, unakua unaenda maili 37 na nyuma yako kuna lori linataka kukumeza. Kwaiyo kusahau kunakuletea honi, hakukuletei barua ya faini. Barua inaletwa na MAZOEA. Wewe mguu wako umezoea nini huko Ireland? Mjini 50, motowei 120. Sasa zipeleke kule: 120 ni karibu maili 75, limiti 70, umezidisha kidogo. 50 ni maili 31. Kwenye 30 umezidi kiduchu hakuna atakayekuona. Ila wewe unapita Wales, na Wales tangu tarehe 17 Septemba 2023 barabara nyingi za mitaani zilizokua 30 zimeshushwa kuwa 20! Ile 50 yako ya kila siku, ambayo mguu unaiweka wenyewe bila kukuuliza, kule ni 31 kwenye 20.

Kuna jingine watu hawaambiwi. Barabara yenye taa za mitaani, kama hakuna bango linalosema vinginevyo, Wales ni 20 na England ni 30. Hawakukumbushi kwa mabango madogo madogo njiani kama unavyotegemea. Ukiona nguzo za taa zimejipanga, hilo ndo bango lako.

Na utakutana na bango jeupe la duara lina mstari mweusi wa kukatiza, halina namba hata moja. Usiseme limefutika. Maana yake limiti ya taifa: barabara ya kawaida ya njia moja kila upande ni 60, barabara iliyogawanywa katikati na motowei ni 70. Kwaiyo bango lisilo na namba linakuomba ukumbuke namba mbili, af wewe uzigeuze kilomita. Waingereza bwana.

mtu_wa_stika

Suluhisho la shilingi sifuri: chukua tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi, kata vipande vyembamba kama njiti ya kiberiti, bandika kwenye ile plastiki ya mbele ya spidomita penye 32, 48, 64, 80, 97 na 113, andika juu yake kwa peni 20, 30, 40 mpaka 70. Nimefanya miaka miwili hivyo.

Kuna ufundi wake lakini, mimi mara ya kwanza nilikosea. Nilibandika nikiwa nimeinama nje ya mlango, nikakaa kwenye kiti nikakuta stika zote zimehama! Kwa sababu plastiki iko mbele na mshale uko nyuma yake, ukiangalia kwa pembeni unaona tofauti. Kwaiyo kaa kwenye kiti chako ulivyozoea kukaa, mgongo umeegemea, fumba jicho moja, mtu mwingine akubandikie we unamwelekeza kushoto kidogo kulia kidogo. Na mkeo akishika usukani yeye ni mfupi au mrefu kuliko wewe, stika si zake. Pia msizibe taa za onyo pale chini, mtu asije akaunguza injini kisa tepu.

binti_mpakani

Hii ya stika safi sana, mkeo nae anapata kazi bila kikokotoo 😂

Rubani_wa_Ardhini

Mnamzungusha mwenzenu, weka simu kwenye kishikio, fungua apu ya ramani, inakuonyesha spidi kwa maili na limiti ya barabara pembeni. Kazi imeisha. Karne hii mtu anabandika tepu kama daftari la shule.

mzee_wa_gia

Rubani sikatai ila mwambie yote. Kwenye A55 kuna handaki linapita chini ya mto pale Conwy, ndani ya handaki GPS inapotea, na kamera haipotei. Pili, GPS inachelewa, ukishika breki kutoka 113 kuja 48 namba ya simu bado inakusimulia ya nyuma. Kwenye mwendo usiobadilika ni nzuri kuliko spidomita, kwenye kupunguza ni mtoa habari wa jana. Tatu, akiishika mkononi akakamatwa Uingereza ni pauni 200 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni. Kwenye kishikio, isizibe kioo, na aseti kila kitu kabla hajawasha gari.

Rubani_wa_Ardhini

Sawa mzee. Ila na mimi niseme hili, ukiwa na GPS utagundua spidomita inadanganya. Ya kwangu ikisema 100, GPS inasema 95. Kwaiyo chai_ya_rangi unaweza kujiongezea kidogo tu hapo usiwe muoga.

fundi_dashi

Hapana hapana. Ngoja niliweke sawa maana ndo kazi yangu.

Haidanganyi kwa bahati mbaya, imetengenezwa hivyo. Kuna kanuni ya kimataifa ya UNECE (chombo cha Umoja wa Mataifa) namba 39, inasema spidomita isionyeshe spidi ndogo kuliko gari linavyokwenda, hata kidogo, ila kuzidisha inaruhusiwa, mwisho asilimia 10 ujumlishe kilomita 4. Gari linaenda 100 kamili, mshale unaweza kuwa popote kati ya 100 na 114 na bado iko halali. Kwaiyo huwezi kusema "zote zinazidisha tano". Ya Rubani inazidisha tano, ya jirani yake inazidisha mbili. Na mtu akiweka matairi makubwa kuliko ya kiwandani ile akiba inaliwa yote, tairi kubwa linazunguka mara chache kwa umbali ule ule, spidomita inahesabu mizunguko. Ukishaanza kujiongezea juu ya kitu usichokipima ndo unakuta barua mezani.

Kuhusu vifaa: zipo chipu ndogo za kugeuza, wanaziweka sana kwenye magari ya Japani yanayoingizwa Uingereza, maana yale usukani uko kulia kama kwao ila yanasoma kilomita. Inakaa kwenye waya kati ya sensa ya spidi na dashibodi, inagawanya mapigo kwa 1.609, basi mshale unashuka. Mshale ukiwa kwenye 30 ni maili 30 japo pameandikwa km/h, ndo maana unatakiwa ubadili na uso wa spidomita. Angalizo ni mawili. Chipu ikae upande wa dashibodi, fundi akiiweka kabla ya kompyuta ya gari basi kompyuta nayo inadanganywa, gia otomatiki inaanza kubadili kwa wakati wake. La pili ndo baya: zile kilomita zilizotembea. Nilishapokea gari lilikua limetembea 92,000 za kilomita, wakaweka chipu, kuanzia hapo inahesabu maili. Mwenye gari anauza, namba inasema 110,000, mia na kumi elfu za nini? Nusu pilau nusu ubwabwa. Mnunuzi akaangalia kumbukumbu za ukaguzi wa kila mwaka akaona mwaka mmoja km mwaka mwingine maili akahisi namba zimerudishwa nyuma, akaondoka.

Kwa safari fupi kama hii usiguse waya. Tepu.

kutoka_ng'ambo_ya_mto

Nachungulia tu kutoka Windsor, Kanada. Sisi tunavuka daraja kwenda Detroit, shida ni hiyo hiyo ila magari ya huku mengi yanakuja na namba za pande zote mbili, za maili ndogo kama maandishi ya mkataba. Kinachotusaidia ni mabango hayafanani, la Marekani limeandikwa SPEED LIMIT, la Kanada MAXIMUM, ukisoma neno unajua uko upande gani. Hayo ya Uingereza mnasema yana kipimo?

binti_mpakani

Hayana! Duara jeupe, mzingo mwekundu, namba. Ya Ireland yana km/h chini ya namba, ya Uingereza wanaona aibu kusema. Mimi mpakani naangalia mstari wa pembeni ya barabara, kusini ni wa njano, kaskazini unageuka mweupe, hapo hapo kichwa kinabadili gia. Kwa chai_ya_rangi ni rahisi, ukishuka kwenye feri ujue kila unachokiona ni maili mpaka urudi melini.

Ah na herufi m! Bango likiandika "½m" si nusu mita, m ni maili. Na zile "yards" za kwenye matengenezo ya barabara, yadi ni kama hatua moja ndefu, 100 ni mita 91, chukulia mita hutakosea. Kabla ya kutoka motowei kuna vibao vya mistari mitatu, miwili, mmoja, kila mstari ni yadi 100, hivyo havihitaji kusoma.

Rubani_wa_Ardhini

Af si polisi wao wana msamaha, asilimia 10 jumlisha maili 2? Nimesoma. Yaani kwenye 30 mpaka ufike 35 ndo wanakushughulikia.

mzee_wa_gia

Huo ni mwongozo wao polisi, si haki yako, wanaweza kukushika ukizidi hata moja. Na kwenye 20 msamaha huo unaanza kuisha 24, ambayo ni kilomita 39. Mtu aliyezoea 50 msamaha anaupungia mkono. Faini ya chini pauni 100 na pointi 3, na dereva asiye na anwani Uingereza wakimsimamisha wanaweza kumdai amana palepale barabarani. Kijana asafiri na amani.

chai_ya_rangi

Wakuu asanteni sana, nilikua nauliza kimoja nimepata chuo kizima. Nimeshabandika tepu, mke kanielekeza, tumegombana kuhusu ile ya 64 ila tumemaliza. Nikirudi nitaleta mrejesho.

chai_ya_rangi

Wiki tatu baadae, mrejesho kama nilivyoahidi.

Motowei: mlikua sahihi, hamna kitu. Nilikaa 110, nikapitwa na kila mtu mpaka mabasi, roho imetulia. Karibu na Deeside kuna sehemu barabara kubwa kabisa nzuri imeshushwa 50, nikajua kuna ajali, kumbe ni kwa ajili ya hewa chafu. Tepu ya 80 ikafanya kazi. Handaki la Conwy simu ikafa kama mzee alivyosema, nilikua naangalia mshale.

Wales barabarani wameandika ARAF kwa herufi kubwa chini kwenye lami. Mama mkwe nyuma akasema mashaallah hata huku wameandika jina la sura. Kumbe ni Kiwelshi, maana yake punguza mwendo. Tukaheshimu yote mawili.

Palipotaka kuniua ni tulipotoka A55 kuingia kamji kutafuta choo. Unatoka 113, kipilefti, ghafla taa za mitaani, 20. Jamani 32 baada ya 113 unahisi gari limekufa, nikaangalia chini nikakuta mshale uko 47 na mguu sijaukanyaga kabisa, nilikua najiona nimesimama. Sikio na mwili vinadanganya kuliko spidomita. Kwaiyo tepu niliyoitumia kuliko zote ni ya 32, ile ya 97 sikuigusa, ningejua nisingeibandika.

Sasa jambo moja hamkuniambia. Manchester shemeji kaniambia chukua gari langu mpeleke dada yako saluni, lako limezibwa. Gari lake la kule kule, spidomita ya maili. Nikaingia mtaani, bango 30, mimi kichwani nishakariri, thelathini ni arobaini na nane. Nikapeleka mshale kwenye 48 nikatulia kabisa najiona dereva wa kimataifa. Dada akaanza kusoma dua kwa sauti. Nikamwambia usiogope ni 30 hii. Akaniambia hii ni arobaini na nane MAILI wewe.

binti_mpakani

😂😂😂😂 hii imenitokea na mimi mwaka wa kwanza, ningekuonya. Kulikua na kamera?

chai_ya_rangi

Kulikua na boksi la njano.

mzee_wa_gia

Notisi ya kwanza inaenda kwa jina la aliyesajiliwa gari, na inatakiwa imfikie ndani ya siku 14. Leo ya ngapi?

chai_ya_rangi

Ya kumi na mbili. Shemeji hajui. Dada ndo anaamka mapema siku hizi kwenda kuokota barua.